Askofu Mkuu Aleixo de Menezes na Pwani Yetu

Wakristu wengi wa Tanga, wakiulizwa habari za mwanzo wa Kanisa katika pwani hii, hujibu upesi kwamba mwanzo wake ni Unguja mwaka 1860, kisha Bagamoyo mwaka 1868, walipofika mapadre kutoka kisiwa cha Réunion na wenzao wa Shirika la Roho Mtakatifu. Jibu hilo ni jema, wala hatulipingi, maana Kanisa tulilo nalo leo limetoka huko. Lakini mwalimu mwenye kufundisha tarehe za zamani hawezi kukomea hapo, kwa sababu watoto watamwuliza: Je, kabla ya mapadre hao pwani hii haikuwa na askofu wake? Jibu ni kwamba ilikuwa naye. Kiti chake kilikuwa ng'ambo ya bahari, katika mji wa Goa, Bara Hindi. Miongoni mwa maaskofu wa kiti kile yuko mmoja ambaye kazi yake yatuhusu kuliko wengine, naye ndiye Mhashamu Aleixo de Menezes. Katika kijitabu hiki cha jubilei twapenda kusimulia maisha yake, mema yake na mapungufu yake, tupate kufahamu kwa nini mbegu iliyopandwa siku zile haikuota upande wetu.

Habari yenyewe haina budi kuanza na mwamba. Mwezi wa Aprili mwaka 1498, merikebu tatu za Vasco da Gama zilipokuwa zikipanda kwenda Mombasa, moja yao, iliyoitwa São Rafael, ilikwama alfajiri penye miamba iliyo mbele ya Mtangata, karibu na mahali tuitapo leo Tongoni, kusini ya mji wa Tanga. Maji yalipojaa ikaelea tena. Watu wa pwani wakaja kwa vyombo vyao wakileta machungwa, na mwandishi wa safari ile akaandika kwamba yalikuwa mazuri kuliko machungwa ya Ureno. Miamba ile wakaipa jina la Mtakatifu Rafaeli, na milima waliyoiona nyuma yake, yaani Usambara yetu, wakaiita Milima ya Mtakatifu Rafaeli. Januari 1499, walipokuwa wakirudi kwao, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, hata hawakubaki watu wa kutosha kuendesha merikebu tatu. Basi wakahamisha vitu vya São Rafael, wakaitia moto papo hapo Mtangata. Wenyeji wakaja tena, mara hii na kuku, wakabadilishana nao kwa mashati na bangili. Sanamu ya mti ya Malaika Mkuu Rafaeli iliyosafiri pamoja na Vasco da Gama yatunzwa hata leo Lisbon, katika nyumba ya makumbusho ya mambo ya bahari.

Hivyo ndivyo Wakristu wa Ureno walivyoonana mara ya kwanza na watu wa Tanga: kwa machungwa na kuku, bila ugomvi. Twataja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa yaliyofuata mahali pengine hayakuwa hivi. Mwaka 1505 Wareno waliipiga Kilwa na Mombasa, na Mombasa wakaiteketeza. Huku kwetu hawakujenga ngome wala nyumba ya watawa. Watu wengine hudhani kwamba msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo pale Tongoni ni kazi ya Wareno, lakini sivyo. Ni kazi ya Waswahili wenyewe, waliokuwa na mji wao pale kabla merikebu ya Ureno haijaonekana. Nguvu za Wareno zilikaa kwanza Malindi, walipokuwa na rafiki mfalme, kisha Mombasa, walipoanza mwaka 1593 kujenga ngome yao kubwa waliyoiita ngome ya Yesu. Ramani yake ilichorwa na fundi wa Italia, Giovanni Battista Cairati. Tangu hapo pwani yote, Pemba na Mtangata pamoja nayo, ikawa yatazama Mombasa, na Mombasa ikawa yatazama Goa.

Jimbo la Goa lilianzishwa mwaka 1534. Mpaka wake ulikuwa wa kustaajabisha: ulianza Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa ya Afrika, ukaenda hata Uchina. Baadaye Goa ikawa jimbo kuu, na majimbo mengine yakakatwa kwake, lakini pwani ya Afrika ikabaki mkononi mwake. Mababa Watakatifu walikuwa wamempa Mfalme wa Ureno haki kubwa na mzigo mkubwa katika nchi hizo zote. Mfalme ndiye aliyetaja jina la atakayekuwa askofu, ndipo Roma ikamthibitisha. Mfalme ndiye aliyejenga makanisa, akawalipa mapadre, akawasafirisha katika merikebu zake. Padre asingeweza kuvuka bahari ila kwa ruhusa ya mfalme, wala askofu asingeweza kufungua parokia pasipo fedha za mfalme. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana ndilo shina la mengi tutakayosimulia.

Menezes alizaliwa Lisbon mwaka 1559, katika ukoo mkubwa. Baba yake alikuwa mlezi wa Mfalme Sebastião alipokuwa mtoto. Kwa ubatizo aliitwa Pedro. Angeweza kuwa mtu wa baraza la mfalme au jemadari wa vita, lakini mwaka 1574, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, aliingia katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino, akalichukua jina la baba yake, akaitwa Ndugu Aleixo wa Yesu. Pengine utawa ulimwokoa, maana miaka minne baadaye, mwaka 1578, Mfalme Sebastião alikwenda kupigana Moroko, akafa huko pamoja na vijana wengi wa jamaa kubwa za Ureno. Kwa kuwa hakuacha mtoto, ufalme wa Ureno ukaangukia mikononi mwa Mfalme Filipo wa Hispania mwaka 1580. Menezes alisoma Coimbra, akawa mkuu wa nyumba za watawa mahali mbalimbali. Mwaka 1595, alipokuwa na miaka thelathini na sita tu, Mfalme Filipo alimtaja kuwa Askofu Mkuu wa Goa, na Baba Mtakatifu Klementi VIII akamthibitisha. Akawekwa wakfu, akapanda merikebu mwaka ule ule pamoja na watawa wa shirika lake, akafika Goa mwezi wa Septemba.

Sisi watu wa pwani twaweza kulifahamu tatizo lake lililo kubwa kuliko Wazungu walioandika habari zake, kwa sababu twajua pepo. Chombo chochote kilichotoka Mombasa kwenda Goa kilingoja kusi. Na kilichotoka Goa kuja Mombasa kilingoja kaskazi. Padre wa Mombasa aliyetaka kumwuliza askofu wake neno, tuseme habari ya ndoa iliyo na shaka, au jemadari anayewaonea watu, aliandika barua yake wakati wa kusi, nayo ilifika Goa kama mwezi wa Septemba. Askofu alijibu, na jibu lake likangoja kaskazi, likafika Mombasa mwezi wa Januari au Februari. Hapo tumehesabu safari njema, isiyopatwa na dhoruba wala maharamia. Katika miezi hiyo yote aliyekuwa karibu ni jemadari wa ngome, tena jemadari kwa kawaida hakupewa ila miaka mitatu, naye alitaka kurudi kwao ametajirika kwa pembe na ushuru. Basi kwa watu wa pwani sura ya Kanisa ilikuwa ni sura ya huyo jemadari, wala si ya mchungaji aliyekaa Goa.

Hata hivyo Menezes hakuisahau pwani. Mwaka 1597 watawa wa Mtakatifu Augustino, ndugu zake wa shirika, walifika Mombasa wakajenga nyumba yao nje ya ngome. Baadaye walikuwa na vituo Unguja na Faza. Mfransiskani mmoja aliyeitwa Gaspar de São Bernardino, aliyepita pwani hii mwaka 1606, akaandika kitabu cha safari yake. Kazi ya watawa ilikuwa kwanza kuwahudumia Wareno, wake zao, watoto wao na watumwa wao, pili kuwafundisha wenyeji waliotaka kuingia dini. Waliotaka hawakuwa wengi. Miji ya pwani ilikuwa ya Kiislamu tangu mamia ya miaka, yenye misikiti ya mawe na watu wenye elimu, nao waliwaona Wareno kuwa ni watoza ushuru. Ni vigumu mtu kukupokonya jahazi lake asubuhi, akakusikiliza jioni ukimhubiria.

Goa kwenyewe Menezes alifanya kazi nyingi zinazomletea sifa. Alifungua nyumba ya kuwahifadhi yatima na wajane, na nyingine ya wanawake waliotaka kuacha maisha mabaya. Mwaka 1606 alianzisha konventi ya Mtakatifu Monika, nyumba kubwa ya masista, na mwaka huo huo akaita mtaguso wa jimbo kuu. Mwaka 1602 alipeleka watawa watatu kwa Shah Abbas, mfalme wa Uajemi, nao wakapokelewa. Alikuwa mtu wa kufunga na kusali, mwenye nguvu za ajabu za kazi, asiyependa kulala shauri likingoja. Lakini tusifiche neno moja. Katika mji ule ule walikuwako Waafrika wengi, waliotolewa pwani ya Afrika, wakauzwa. Walibeba maji, walipika, walichukua machela ya mabwana wao mabarabarani, na hata konventi ya Monika ilikuwa na watumwa wake wa kuwahudumia masista. Waafrika ambao askofu aliwaona kila siku, aliowabariki na kuwapa Kipaimara, walikuwa ni hao. Mitaguso ya Goa iliwaamuru mabwana kuwafundisha watumwa dini na kutowatesa, lakini utumwa wenyewe ikauacha. Masikio ya wakati ule hayakusikia kilio ambacho sisi, watoto wa nchi iliyotoa watumwa, hatuwezi kukosa kukisikia.

Jambo lililomfanya Menezes ajulikane duniani kote alilifanya Malabar, kusini ya Bara Hindi, mwaka 1599. Huko walikuwako Wakristu wa zamani sana, wanaojiita Wakristu wa Mtakatifu Toma, ambao kwa desturi yao ni Mtume Toma mwenyewe aliyewaletea Injili. Misa yao ilikuwa kwa lugha ya Kisiria, na maaskofu wao walitoka kwa Patriarka wa mashariki, nchi za Iraki. Askofu wao Mar Abraham alipofariki mwaka 1597, Menezes aliona nafasi ya kuwaingiza Wakristu hao chini ya Goa. Akasafiri mwenyewe, akawazuru parokia kwa parokia. Aliingia penye makanisa ambamo hakukaribishwa, akahubiri kwa njia ya mkalimani, akaweka mapadre wapya. Marafiki zake walihofu atauawa njiani, lakini hakurudi nyuma. Mwezi wa Juni mwaka 1599 akawakusanya mapadre na wajumbe wa waumini katika sinodi huko Udayamperur, mji ambao Wareno waliuita Diamper. Katika siku saba ilipitisha amri nyingi. Nyingine zilikuwa njema: kwa mfano, ilikatazwa kuwatenga watu wa tabaka za chini kana kwamba ni najisi. Lakini vitabu vya Kisiria vilivyohesabiwa kuwa na makosa viliamriwa kusahihishwa au kuchomwa moto, na vingi vikachomwa.

Moshi wa vitabu vile haukuwatoka watu machoni. Mwaka 1653, miaka hamsini na minne baada ya sinodi, Wakristu wengi wa Malabar walikusanyika Mattancherry penye msalaba, wakaapa kwamba hawatawatii tena maaskofu waliowekewa na Wareno. Baadaye wengi walirudi katika umoja na Roma, na wengine hawakurudi, na mpasuko ule uko hata leo. Sisi twaona kwamba Menezes alitaka neno jema, yaani umoja, bali alilitaka kwa haraka. Alikuwa na siku saba za sinodi kwa watu waliokuwa na desturi zao kwa zaidi ya miaka elfu. Wako waandishi wanaomtetea wakisema ndivyo walivyofanya maaskofu wote wa zamani zile. Utetezi huo una ukweli, lakini haukuviokoa vile vitabu.

Twarudi upande wetu. Mwaka 1607 Makamu wa Mfalme katika Bara Hindi alifariki Malaka, na barua za mfalme zilipofunguliwa, jina lililokutwa la atakayeshika nafasi yake lilikuwa la Askofu Mkuu. Hivyo, tangu 1607 hata 1609, mtu mmoja alishika fimbo ya uchungaji kwa mkono mmoja na muhuri wa serikali kwa mkono wa pili. Askari wa ngome ya Mombasa, ushuru wa Pemba, merikebu za vita, yote yakawa yake. Wakati huo Waholanzi walikuja kwa nguvu. Mwaka 1607, na tena mwaka 1608, walikizingira kisiwa cha Msumbiji, wakaharibu mji, ila ngome hawakuweza kuichukua. Askofu aliyepaswa kuhesabu roho alilazimika kuhesabu baruti. Hatumlaumu kwa kupokea kazi ile, maana ni mfalme aliyemwamuru, na nchi ilikuwa hatarini. Lakini fikirini mtu wa Pemba au wa Mtangata, atatenganishaje tena askofu na liwali, ikiwa hata Goa hawakutenganishwa?

Menezes aliondoka Bara Hindi, akarudi Ureno mwaka 1611. Mwaka 1612 akafanywa Askofu Mkuu wa Braga, kiti cha zamani kuliko vyote vya Ureno. Mwaka huo huo Baba Mtakatifu Paulo V aliikata Msumbiji kutoka Goa iwe na mkuu wake wa kanisa. Menezes hakupata raha Braga; mfalme alimwita awe Makamu wake katika Ureno mwaka 1614, kisha awe mkuu wa Baraza la Ureno huko Madrid. Ndiko alikofariki, mwezi wa Mei mwaka 1617, akiwa na miaka hamsini na minane.

Mavuno ya kazi iliyoanzishwa Mombasa yalionekana baada ya kifo chake, nayo yaliletwa na mtoto mmoja ambaye yeye hakupata kumwona. Mfalme wa Malindi na Mombasa siku zile alikuwa Hasan bin Ahmad, wa ukoo uliokuwa rafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama. Jemadari wa ngome aligombana naye, akamtesa kwa mambo ya ushuru na mali, hata mfalme akakimbilia bara, Rabai. Huko akauawa mwaka 1614 na watu waliopewa rushwa, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto wa kama miaka saba, akachukuliwa Goa vilevile, akawekwa kwa watawa wa Mtakatifu Augustino, katika konventi yao kubwa, ambayo mnara wake uliobomoka wasimama hata leo. Wakamlea, wakamfundisha kusoma na kuandika, wakambatiza kwa jina la Jerónimo. Akatumika katika merikebu za Wareno, akaoa mke Mkristu aliyeitwa Dona Isabel, akavishwa nishani ya Shirika la Kristu. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme, wakijua wamepata sasa mfalme Mkatoliki katika pwani ya Waswahili.

Tumkumbuke kijana huyu alivyokuwa. Kwa Waislamu wa Mombasa alikuwa mtu aliyeacha dini ya wazee wake. Kwa jemadari wa ngome alikuwa mtu mweusi mwenye jina la ufalme na asiye na nguvu. Watawa waliompenda walikuwa ni wa taifa lililomwua baba yake. Ikasemekana kwamba usiku alikwenda kaburini kwa baba yake, akasali huko kwa desturi za Kiislamu. Jemadari alipopata habari akaazimu kumshitaki Goa. Yusuf akamtangulia. Katika sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, mwezi wa Agosti mwaka 1631, aliingia ngomeni pamoja na watu wake kana kwamba anakwenda kumzuru jemadari, akamchoma kwa jambia, na watu wake wakawaua walinzi. Siku zilizofuata Wareno waliokimbilia katika konventi walitolewa wakauawa, waume, wake na watoto, pamoja na watawa watatu. Wakristu Waafrika nao waliambiwa wachague. Wengine waliikana imani, na wengine walikataa wakafa. Mmoja wa waliokataa ni Dom António, jamaa yake mfalme mwenyewe.

Mwaka uliofuata mashahidi walihojiwa Goa chini ya kiapo, na maneno yao yameandikwa na kutunzwa. Kwa hiyo twajua mambo yale vizuri kuliko mambo mengi ya karne ile. Wasomaji wetu watambue kwamba katika mashahidi wa imani wa Mombasa wamo watu weusi wa pwani hii, waliopokea ubatizo kwa mapadre wa ngome, kisha wakaushika ubatizo wao wakati ngome ilipokuwa haiwezi tena kuwalinda wala kuwapa faida yoyote. Hao twawahesabu kuwa ndio tunda la kweli la kazi ya Menezes. Waliipenda imani mbali na nguvu zilizoileta.

Yusuf aliwashinda Wareno waliokuja kumpiga mwanzoni mwa mwaka 1632, kisha akaiacha ngome, akazunguka baharini miaka kadhaa, akafia upande wa Bahari ya Sham. Wareno wakarudi wakaikuta ngome haina mtu. Wakakaa humo tena miaka sitini na zaidi, lakini mambo ya dini hayakupata nguvu tena. Watu wa Omani walikuja Mombasa mwaka 1696, wakaizingira ngome kwa miezi thelathini na mitatu, wakaitwaa Desemba 1698. Wareno waliirudia mwaka 1728, wakafukuzwa tena mwaka uliofuata, na huo ukawa mwisho wao kaskazini ya Ruvuma.

Je, nini kilibaki? Unguja Waomani walijenga ngome yao mahali palipokuwa kanisa la Wareno, na sehemu ya kuta za kanisa lile imo katika ngome hiyo hata sasa, mbele ya bandari. Ng'ambo yetu, Pemba, wapo wanaocheza na ng'ombe uwanjani, mchezo ambao wazee husema uliachwa na Wareno. Mashambani tuna mahindi, muhogo, mananasi na mikorosho, mazao yaliyotoka Amerika kwa merikebu za Wareno. Mdomoni tuna meza, bendera, mvinyo, leso, na hata neno padre.

Liko pia neno moja ambalo kila mwalimu wa Kiswahili angefaa kulitua kidogo mbele ya watoto. Wareno huita kanisa igreja. Wenye elimu ya lugha wasema neno hilo ndilo lililokuwa gereza katika Kiswahili. Kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya kuta za ngome, penye mizinga, mlangoni pana askari. Mswahili aliyesikia Mreno akisema anakwenda igreja alimwona akiingia ngomeni. Basi ngome ikaitwa gereza, kama liitwavyo hata leo Gereza la Kilwa Kisiwani. Siku zilipopita, ngome zikawa mahali pa kufungia watu, na jina likafuata kazi hiyo mpya. Kwa nyumba ya kusalia Wakristu, Waswahili walitumia neno jingine kabisa, kanisa, lililotoka katika Kiarabu.

Zama zile hazikutuachia katekisimu ya Kiswahili, wala kitabu cha sala, wala sarufi. Mapadre waliokuja Unguja na Bagamoyo katika karne ya kumi na tisa walianza upande huo. Padre Charles Sacleux alikusanya maneno ya Kiswahili kwa miaka mingi, na kamusi yake kubwa ikatolewa Paris mwaka 1939. Nao pia hawakuwa wakamilifu, walikuja wakati wa mataifa kugawana Afrika, na bendera za Wazungu zilikuwa karibu nao. Ila mwenye kuwasikiliza aliwasikia wakisema kwa lugha yake.

Tanga yenyewe iliwekwa kwanza chini ya Zanzibar, kisha chini ya Kilimanjaro. Mwaka 1950 ikatengwa ikawa Prefektura, ikapewa Shirika la Rosmini. Mwaka 1958 ikafanywa jimbo, na Mhashamu Eugene Arthurs wa shirika hilo akawa askofu wake wa kwanza, akakaa Tanga, si safari ya kusi na kaskazi kutoka hapa. Ilikuwa ni miaka 341 tangu Menezes alipofariki Madrid.